Ulikubali Kosa Ili Uende Nyumbani, Ubalozi Bado Unauliza

Kila Jumatatu asubuhi malori ya polisi hushusha watu katika mahakama za Makadara, Kibera na Milimani jijini Nairobi. Kuna waliokamatwa Ijumaa usiku nje ya baa, wachuuzi waliozolewa na askari wa kanjo, makondakta, na vijana waliokutwa na msokoto wa bangi mfukoni. Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wikendi atangoja mpaka siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana wengi huingia kizimbani wakiwa wamelala seli tangu Ijumaa, hawajaoga, simu zimezima, na kazini hakuna anayejua waliko. Mshtakiwa anasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Mwenzake wa benchi, mzoefu wa mahali pale, keshamnong'oneza: kubali, lipa faini, nenda zako.

Tunapojadili viza na rekodi ya makosa, macho yote huelekea Gigiri, uliko ubalozi wa Marekani, na kwenye ofisi za mawakala wa viza, tukidhani uamuzi mzito hufanyikia huko. Kwa maoni yangu, Wakenya wengi wanaokwama kwa sababu ya kesi ya zamani walianza kukwama pale kizimbani, siku waliposema "ni kweli" bila mtu kuwaambia maneno hayo mawili yatagharimu nini. Afisa wa ubalozi huja baadaye sana, na akija hukuta kazi ishafanywa.

Kinachouma ni kwamba ile hofu inayomfanya mtu akubali haraka, hofu ya kupelekwa rumande Industrial Area, mara nyingi haina msingi wa kisheria. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la kulewa na kufanya fujo hadharani, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, lina kifungo kisichozidi miezi 3. Mlevi wa Ijumaa, hata akikana shtaka Jumatatu, hapaswi kulala rumande kwa kosa hilo. Nani humwambia? Kiongozi wa mashtaka ana faili nyingi za kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakimu naye ana orodha ndefu, na mshtakiwa anayekubali humpunguzia mzigo. Wakili hayupo, maana hakuna anayekodi wakili kwa kesi ya faini ndogo.

Sheria yenyewe haikukusudia mambo yaende mbio namna hiyo. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, korti zetu zimetakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka kwa lugha anayoielewa, kuandika jibu lake, kusoma maelezo ya tukio, kisha kumpa nafasi ya kuyakubali au kuyapinga kabla ya kumtia hatiani. Uamuzi huo unatajwa hadi leo na majaji wanaofuta hukumu za watu waliokubali mashtaka wasiyoyaelewa. Lakini kukata rufaa dhidi ya faini uliyokwisha kulipa ni jambo la wachache. Wengi hutia risiti mfukoni na kusahau.

Miaka inapita. Yule kijana amesoma, ameajiriwa, amealikwa kwenye kongamano, au dada yake anaolewa Manchester. Anafungua fomu.

Fomu ya Marekani ya viza ya muda inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa baadaye. Kukamatwa kwenyewe kumetajwa, hata kama hukufikishwa kortini. Katika jiji ambalo mtu anaweza kuzolewa akitoka kazini usiku na kuachiliwa alfajiri bila maandishi yoyote, swali hilo linawagusa watu wengi kuliko wanavyofikiri. Uingereza inauliza kuhusu hukumu zote, mpya na za zamani, pamoja na adhabu za barabarani na kesi zinazoendelea. Kanada inaenda mbali zaidi, kwani inauliza kama umewahi kutenda, kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani katika nchi yoyote. Fomu ya viza ya safari fupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kinyume na watu wanavyodhani, haina swali la namna hiyo. Wao huangalia hifadhidata zao na wanaweza kukunyima wakiona u tishio kwa usalama au utulivu wa umma.

Hapa ndipo uvumi wa mtaani unapowaponza watu kwa pande zote mbili. Wako wanaoamini kwamba ukiwa na kesi, hata ya kukojoa ukutani, usijisumbue kuomba. Wako wengine wanaoamini kwamba kesi ya Kenya haionekani ng'ambo, kwa hiyo andika "hapana" uendelee na maisha. Wote wamepotea, ingawa wa pili wamepotea vibaya zaidi.

Kwa Marekani, si kila kosa linalofunga mlango. Sheria yao ya uhamiaji inatazama hasa makosa yanayohesabiwa kuwa ya uovu wa kimaadili, kama vile wizi na ulaghai, makosa ya dawa za kulevya, na hukumu kadhaa ambazo vifungo vyake vikijumlishwa vinafika miaka 5. Kwa kundi la kwanza kuna nafuu: ikiwa kosa ni moja tu, adhabu ya juu kabisa kisheria haizidi mwaka mmoja, na wewe mwenyewe hukuhukumiwa zaidi ya miezi 6, kosa hilo halikuzuii. Angalia vizuri sharti la adhabu ya juu, kwa sababu linawanasa watu wetu. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya una kifungo cha hadi miaka 3. Mtu aliyekubali shtaka la wizi wa simu akatozwa faini tu huona alipewa adhabu ndogo, na ni kweli ilikuwa ndogo. Lakini wakili wa uhamiaji atamuuliza pia sheria iliruhusu adhabu gani. Bangi nayo ni shubiri. Hukumu ya msokoto mmoja inatosha kumfungia mtu, na hata kukiri rasmi kwamba ulitenda kosa hilo, bila hukumu yoyote, kunaweza kutosha.

Uingereza ina hesabu nyepesi kueleweka. Aliyewahi kufungwa miezi 12 au zaidi hukataliwa. Kwa mgeni wa muda mfupi aliyepata adhabu isiyo ya kifungo, kama faini, kanuni zinataka zipite zaidi ya miezi 12 tangu hukumu; kabla ya hapo ombi lake hukataliwa. Maana yake ni kwamba aliyelipa faini Makadara mwezi wa tatu, akaomba viza ya kwenda harusini mwezi wa nane, anakataliwa kwa lile kosa ambalo pengine angelikana na kushinda.

Mfano unaonikera zaidi unatoka Kanada, na unawahusu watu wenye magari, wale wanaojiona mbali na benchi la Makadara. Kuendesha gari ukiwa mlevi ni kosa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Nairobi, kunaswa na alkoblo, kile kipimo cha ulevi cha polisi, Thika Road au Waiyaki Way ni hadithi ya kuchekea Jumatatu ofisini. Unakubali, unalipa, unachukua gari. Lakini Kanada haiangalii jina ambalo kosa lako limepewa Kenya wala faini uliyotozwa. Hutafuta kosa linalolingana nalo katika sheria yake yenyewe na kutazama adhabu ya juu ya huko. Hadi Desemba 2018 adhabu ya juu ya kuendesha ukiwa mlevi ilikuwa miaka 5. Tarehe 18 mwezi huo ikapanda hadi miaka 10, na kosa linalofika miaka 10 huitwa uhalifu mzito. Tofauti yake ni hii: kwa kosa moja lililo chini ya kiwango hicho, miaka 10 ikipita tangu umalize adhabu unahesabiwa umerekebika bila kuomba. Kwa uhalifu mzito muda haukusaidii wenyewe; lazima uombe, na huwezi kuomba kabla ya miaka 5 kupita. Kabla ya hapo utegemee kibali cha muda ambacho afisa hutoa akiona sababu yako ni nzito. Meneja wa benki wa Kileleshwa ambaye hajawahi kuiba hata kalamu anaweza kuwekwa kapu moja na watu ambao hangekubali kukaa nao meza moja. Marekani, kwa upande wake, kosa hilohilo likiwa peke yake kwa kawaida halihesabiwi kuwa la uovu wa kimaadili, ingawa afisa anaweza kukutuma kwa daktari apime kama una tatizo la pombe.

Kosa moja, na nchi tatu zenye majibu matatu. Ndiyo sababu simwamini ajenti yeyote anayejibu swali la rekodi kabla ya kuuliza: kosa gani, kifungu gani, adhabu gani, lini, na unaenda wapi.

Sasa tuje kwenye uongo. Tuseme ukweli: wako wengi walioandika "hapana" na wakapewa viza. Faili la Makadara haliruki lenyewe kwenda kwenye kompyuta ya Gigiri, na kwa viza ya kutembea Wamarekani kwa kawaida hawadai cheti cha polisi. Ajenti anayekwambia uandike "hapana" anajua hivyo, na ana wateja wa kukutolea mfano. Asichokwambia ni kwamba lile jibu linabaki. Mtu akija kuomba viza ya kuhamia huko kupitia ubalozi, ataambiwa alete cheti cha polisi kutoka Kenya. Siku hiyo Idara ya Upelelezi wa Jinai itaandika yaliyomo katika kumbukumbu zake, na afisa ataweka karatasi hiyo kando ya fomu ya zamani yenye saini yako.

Adhabu ya uongo huo ni nzito kuliko ya makosa mengi ninayoyazungumzia hapa. Kanada hukufungia miaka 5. Uingereza, kwa udanganyifu katika ombi, hadi miaka 10. Marekani, kusema uongo kwa makusudi kuhusu jambo la msingi ni zuio la maisha, na kuondolewa kwake ni kwa hisani. Nchi hizo tatu, pamoja na Australia na New Zealand, hulinganisha alama za vidole za waombaji, kwa hiyo aliyenaswa kwa moja asitarajie kuanza upya kwa nyingine. Nimeona watu wakipoteza kwa uongo safari ambazo kosa lenyewe lisingezizuia. Mtu aliyekamatwa kwa kuzurura na kuachiliwa hana cha kuficha. Akiandika "ndiyo" na maelezo ya mistari mitatu, uwezekano mkubwa ni kwamba mahojiano yatahamia kwenye kazi yake, akaunti yake ya benki na sababu za kurudi Kenya, ambazo ndizo zinazowaangusha Wakenya wengi zaidi.

Ukweli unahitaji karatasi, na hapa mzigo unarudi tena kwetu. Cheti cha maadili mema, ambacho ndicho hicho cha polisi, kimerahisishwa. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, umekuwa ukilipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 na kwenda kuchukuliwa alama za vidole katika Huduma Center au makao makuu ya upelelezi Kiambu Road. Shida iko kwa aliyeshtakiwa akashinda, au ambaye kesi yake iliondolewa. Alama zake zilichukuliwa siku ya kukamatwa. Habari za mwisho wa kesi mara nyingi hazifiki huko zenyewe. Mwenyewe ndiye anayetakiwa kurudi kortini, kutafuta faili, kulipia nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi, na kuipeleka Kiambu Road ili rekodi irekebishwe. Kama faili limepotea, Mungu amsaidie. Katika foleni hiyo ndipo mtu anapokumbuka kwamba River Road wanachapa hati yoyote ya bandia, na mtu asiye na hatia anaweza kuishia na kosa la kughushi ambalo ubalozi utalisamehe kwa shida kuliko lile aliloshindia kesi.

Fikiria basi vijana waliokamatwa katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, na wale wa 2025, ambao baadhi yao walifikishwa mahakama ya Kahawa kujibu mashtaka ya ugaidi. Neno hilo likishaingia kwenye jibu la "umewahi kushtakiwa?", hakuna afisa wa viza atakayelipita kwa haraka, hata kesi ikifutwa baadaye. Namna kesi inavyokwisha nayo ina uzito wake. Kuondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai hakuzuii mtu kushtakiwa tena, ilhali mlalamishi akijiondoa chini ya kifungu cha 204 mshtakiwa huachiliwa huru kabisa. Wengi hutoka kortini wakishangilia bila kujua wametoka kwa mlango upi. Uliza siku hiyohiyo, wakati karani bado ana faili mkononi.

Wapo wanaosema dawa ni msamaha wa Rais. Kifungu cha 133 cha Katiba kinampa mamlaka hayo, na kamati ya ushauri ipo. Hilo linafaa kwa mambo ya hapa nyumbani. Kwa Marekani, msamaha wa kigeni haufuti kosa katika macho ya sheria yao ya uhamiaji. Ndiyo maana fomu ikaweka wazi kwamba ujibu hata kama ulisamehewa. Kinachosaidia huko ni kibali maalumu kwa msafiri wa muda, na tangu uamuzi wa kesi ya Hranka ya huko Marekani ya mwaka 1978 vigezo vyake ni vitatu: hatari kwa jamii iwapo ataingia, uzito wa kosa, na sababu ya safari. Mtu mwenye kosa moja la ujana, miaka mingi ya kazi, na mwaliko wa kweli ana hoja ya kujenga. Kibali hicho hupatikana baada ya miezi, wala si wiki, kwa hiyo harusi ya mwezi ujao asiitegemee.

Hoja ya kwamba tutunge sheria ya kuzima rekodi za zamani ni nzuri, na naiunga mkono kwa ajili ya ajira. Kenya haina sheria ya jumla inayosema kosa dogo la mtu mzima lizimike baada ya miaka kadhaa ya tabia njema. Uingereza wanayo tangu 1974. Lakini kwa viza tusijidanganye: Waingereza wenyewe, kuanzia Oktoba 2012, waliondoa maamuzi ya uhamiaji kwenye kinga ya sheria hiyo. Hukumu iliyozimwa kwa mwajiri wa Leeds bado ni hai kwa afisa wa uhamiaji. Bunge letu haliwezi kumwamuru afisa wa nchi nyingine asiulize.

Linaloweza kufanyika liko Makadara, na halihitaji bajeti kubwa. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachilia mtu bila kumwadhibu, au kwa sharti asikosee tena kwa muda usiozidi miezi 12. Kitumike zaidi kwa makosa madogo ya mara ya kwanza, badala ya faini inayotolewa kwa mazoea. Polisi wapeleke matokeo ya kesi Kiambu Road kwa mfumo, kama wanavyopeleka alama za vidole. Na kabla ya jibu la "ni kweli" kuandikwa, hakimu amwambie mshtakiwa mambo mawili: kwamba kwa kosa hili huwezi kuwekwa rumande ukikana, na kwamba hukumu hii itaulizwa kwenye kazi na kwenye safari.

Wamarekani wamelifikiria jambo hili kwa upande wao. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba wakili anayemtetea mgeni lazima amweleze kuwa kukubali kosa kunaweza kumfanya afukuzwe nchini. Mkenya aliyeshtakiwa Kentucky ana haki ya kuelezwa na wakili wake kabla ya kukubali. Aliyeshtakiwa Kibera anaelezwa na mwenzake wa benchi.